Kabla ya kufunga tangi la choo chomboni, ulizia pa kulimwagia

WENYE majahazi na boti za kulaza wageni katika pwani ya Afrika Mashariki wamezoea kupiga hesabu ya mambo manne kabla msimu haujaanza: mafuta, chakula, mishahara ya mabaharia na matengenezo ya chombo. Choo hakimo katika orodha hiyo. Kwa desturi, choo cha jahazi ni sanduku la mbao lililoning'inizwa nje ya tezi. Halina sakafu, na kinachoangukia majini huhesabiwa kuwa kimekwisha.

Desturi hiyo ilitosha wakati jahazi lilipobeba boriti na chumvi, likiwa na mabaharia wachache na likisafiri muda wote. Haitoshi pale chombo kinapotia nanga siku tatu katika ghuba moja kikiwa na wageni wanane, ambao asubuhi huruka majini kuogelea palepale. Mgeni anayelipia kitanda majini huangalia choo mapema kuliko anavyoangalia jiko, na akirudi kwao huwasimulia wenzake alichokiona.

Dawa inayotajwa ni tangi la kuhifadhia kinyesi. Kanuni yake ni rahisi: choo hakimwagi nje, bali humwaga ndani ya tangi lililozibwa, na uchafu hukaa humo hadi chombo kifike mahali panaporuhusiwa kumwaga au penye pampu ya kunyonya. Ufundi wake si mgeni duniani. Kinachowashinda wengi ni kumwaga, wala si kufunga. Mtu hununua tangi kubwa la bei kubwa, akalipa fundi, kisha akagundua kwamba gati analolitumia halina mpira wa kunyonyea. Baada ya safari mbili tatu vali hufunguliwa usiku, na tangi hubaki kuwa mzigo usio na kazi.

Jirani wa mkulima wa mwani

Suala hili si la watalii peke yao. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji yanapotoka wakati wa bamvua, mkulima huyo husimama baharini kwa saa kadhaa, yakimfika magotini au kiunoni, akifunga mbegu kwenye kamba. Mwani wenyewe hauharibiwi na choo cha boti moja, kwani nao unahitaji virutubisho. Lakini virutubisho vikizidi hustawisha pia magugu ya baharini yanayouzonga mwani kwenye kamba. Zaidi ya hayo, anayesimama katika maji hayo ni binadamu mwenye ngozi na mikwaruzo ya matumbawe miguuni.

Kwa mfugaji wa chaza, hali ni nzito zaidi. Chaza hula kwa kuchuja maji, na hubakiza mwilini sehemu ya kilichomo, vikiwemo vijidudu vya kuhara na virusi vya homa ya ini. Katika Umoja wa Ulaya, chaza wa daraja la kwanza, yaani wanaoruhusiwa kuuzwa moja kwa moja kwa mlaji, kwa kawaida hawatakiwi kuzidi bakteria 230 wa aina ya E. koli katika gramu 100 za nyama. Gramu moja tu ya kinyesi cha binadamu huwa na mamilioni ya bakteria hao. Hivyo boti moja inayotia nanga juu ya mkondo wa kitalu cha chaza inatosha kumharibia mfugaji soko.

Mwenye jahazi anaweza kujibu kwamba miji yenyewe, Mji Mkongwe wa Zanzibar ukiwamo, kwa miongo mingi imekuwa ikitoa majitaka baharini kwa mabomba bila kuyasafisha, na kwamba choo cha watu 12 ni tone tu. Hoja hiyo ina ukweli wake. Tofauti ni kwamba bomba la mji liko mahali pamoja panapojulikana, na wenyeji hupakwepa. Boti ya wageni hufuata maji safi kwa makusudi, kwa sababu hayo ndiyo bidhaa inayouzwa.

Maili tatu na maili kumi na mbili

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kimo katika Kiambatisho cha Nne cha mkataba wa MARPOL. Kwa ufupi, kinyesi kilichosagwa na kutiwa dawa kwa mtambo ulioidhinishwa kinaweza kumwagwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu. Kisichosagwa wala kutiwa dawa kinatakiwa kumwagwa zaidi ya maili 12, kidogo kidogo, chombo kikiwa kinatembea kwa mwendo usiopungua noti 4. Maili 3 ni kama kilomita 5.6, na maili 12 ni kilomita 22.2.

Kiambatisho hicho kinazilenga meli za tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15, zinazosafiri kati ya nchi na nchi. Jahazi la vitanda vinane huenda lisiguswe nacho. Lakini sheria za nchi, za bandari na za hifadhi za bahari zinaweza kuwa kali zaidi, na ni busara kuuliza kwa maandishi TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, au Mamlaka ya Bahari kwa Kenya, kabla ya kununua hata bomba moja.

Hata kwa anayetaka kufuata kipimo hicho kwa hiari, ramani ina mtego. Mkondo wa Zanzibar, mahali unapobana, una upana wa kilomita 35 hivi. Chombo kikisimama katikati kabisa kiko kilomita 17 na nusu tu kutoka nchi kavu, upande huu na huu. Maana yake ni kwamba hapo hakuna maili 12, hata nahodha akitaka. Mkondo wa Pemba, wenye upana wa kilomita 50 hivi, unabakiza njia ya katikati isiyozidi kilomita 6. Kwa hiyo wanaofanya safari fupi kati ya visiwa na bara wasijidanganye kwamba watamwaga "huko mbele". Ama watoke nje ya visiwa, upande wa mashariki, na kuchoma mafuta ya ziada, au warudi na mzigo wao nchi kavu.

Kwenye Ziwa Victoria hesabu ni nyingine kabisa. Maji hayo si ya chumvi, hayana njia ya kutokea bahari kuu isipokuwa mto Nile, na ndiyo yanayonywewa Mwanza, Kisumu na Entebbe. Huko, chombo chenye vitanda hakina umbali wa kujificha, na tangi linapaswa kuzibwa moja kwa moja lisiwe na mlango wa kumwagia majini.

Lita ngapi?

Mafundi wengi huanza kwa kuuliza nafasi iliyopo chini ya sitaha, kisha wakatafuta tangi la kuenea hapo. Njia iliyo sahihi ni kuanza na watu na siku. Mtu mzima hutoa kama lita moja hadi moja na nusu ya mkojo kwa siku, na kinyesi cha gramu kati ya 130 na 400, kutegemea chakula. Kinachojaza tangi ni maji ya kusukumia. Choo cha pampu ya mkono kinachovuta maji ya bahari hutumia lita 1 hadi 3 kila kinapotumiwa, na mtu hukitumia mara tano, sita au zaidi kwa siku.

Tuchukue chombo chenye wageni 8 na mabaharia 4, kila mtu akijaza lita 12 kwa siku. Hiyo ni lita 144 kwa siku, na kwa safari ya siku tatu ni lita 432. Ukiongeza sehemu ya tano kwa ajili ya dharura, kwani upepo haufuati ratiba, unapata karibu lita 520. Tangi hilo likijaa lina zaidi ya nusu tani, yaani uzito wa magunia matano ya mahindi ya kilo 100. Na katika kila lita 12, zaidi ya lita 10 ni maji ya bahari yaliyoingizwa chomboni ili yabebwe bure.

Hapo ndipo pa kuokoa fedha kabla ya kununua chochote. Wageni wakifundishwa kupampu kidogo baada ya haja ndogo, na karatasi zikatupwa kwenye ndoo yenye mfuniko badala ya chooni, lita 12 zinaweza kushuka hadi 6, na tangi likapungua kwa nusu.

Tangi lenyewe

Kwa aina ya tangi, uzoefu wa mabaharia wa nchi nyingi unaelekea upande mmoja. Chuma cha kawaida huliwa na kutu. Alumini hupata vitundu. Chuma kisichoshika kutu kinavutia macho, lakini mkojo na chumvi huanza kukila kwenye viungio vya kuchomelea. Tangi la plastiki ngumu nene, lililotengenezwa kwa kazi hiyo, ndilo linalodumu bila kelele. Faiba nayo inafaa, na kwa kuwa mafundi wa faiba wanapatikana Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, tangi linaweza kutengenezwa kwa umbo la chombo. Sharti ni kwamba lisitumie ukuta mmoja na tangi la maji ya kunywa.

Matangi ya maji ya dukani, yale meusi ya duara yanayowekwa juu ya nyumba, yanashawishi kwa bei. Hayafai. Mfuniko wake haukuundwa kuzuia kitu kinachorukaruka, na ndani hayana vizuizi. Chombo kikiyumba, mzigo wa nusu tani huhama wote upande mmoja kwa pamoja, na jahazi huchelewa kuinuka. Tangi la chomboni linatakiwa liwe na kuta za kugawanya maji ndani, lilazwe chini karibu na mkuku, na lifungwe kwa mikanda kwenye mataruma, lisikae juu ya mbao kwa uzito wake tu.

Ipo njia ya pili kwa chombo ambacho choo chake kiko sitahani, kwenye tezi. Tangi dogo linaweza kuwekwa moja kwa moja chini ya choo, juu ya usawa wa maji. Kinyesi hushuka chenyewe bila pampu, na kinapofika mahali halali hutoka chenyewe vali ikifunguliwa. Mipira inakuwa mifupi, vitu vya kuharibika ni vichache, na baharia yeyote anaweza kukielewa. Ubaya wake ni uzito kukaa juu, kwa hiyo njia hii isizidi lita 80 au 100 kwa jahazi la kawaida.

Harufu inatoka wapi

Malalamiko makubwa ya wageni ni harufu, na karibu kila mara lawama hupewa uchafu wa choo. Mara nyingi choo ni kisafi. Wenye makosa ni mipira na pumzi ya tangi.

Mpira wa kawaida wa maji hupitisha harufu taratibu kupitia ukuta wake, hata kama haujatoboka. Kuna mipira iliyotengenezwa mahsusi kwa kinyesi, nayo ni ghali: ile bora katika masoko ya Marekani huuzwa zaidi ya dola 10 kwa futi moja. Njia ya kupunguza gharama ni kutumia bomba gumu la PVC kwenye sehemu zilizonyooka na kuacha mpira mahali penye kona au mtikisiko tu. Mpira usilegee na kufanya bonde katikati, kwa kuwa uchafu hulala humo siku nzima na kupenya. Kupima mpira wa zamani ni rahisi: chovya kitambaa katika maji ya moto, kipitishe juu ya mpira, kisha kinuse. Kikinuka, mpira umekwisha.

Pumzi ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ndani ya tangi kuna aina mbili za bakteria. Wanaotumia hewa huozesha kinyesi bila kunuka sana. Wasiotumia hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, ambayo ni malighafi ya gesi hiyo, ndiyo maana choo kinachosukumwa kwa maji ya chumvi hunuka kuliko cha maji baridi. Bomba la hewa la kipenyo cha milimita 16 au 19, linalofungwa mara nyingi kwa kubana matumizi, halitoshi. Liwe milimita 25 au zaidi, fupi, lisilo na kona, na ikiwezekana yawe mawili, moja kila ubavu, ili upepo uingie huku na kutokea kule.

Gesi hiyo si suala la pua peke yake. Ikiwa nyingi huua kwa pumzi chache, na habari za watu waliofia ndani ya makaro si ngeni kwa wasomaji. Baharia asiingize kichwa katika tangi hata likionekana tupu. Liwe na kifuniko cha kukagulia chenye upana wa kutosha kuingiza bomba la kuoshea kutoka nje.

Mkojo ukikutana na maji ya bahari huacha pia ukoko mgumu mweupe ndani ya mabomba, ambao mwaka hadi mwaka hupunguza nafasi ya kupita. Siki inayomiminwa mara kwa mara na kuachwa usiku kucha huupunguza kwa bei ndogo.

Choo kinaweza kuzamisha chombo

Choo kinachovuta maji ya bahari kina tundu chini ya usawa wa maji. Kama bakuli nalo liko chini ya usawa huo, mpira uliopasuka au vali iliyoachwa wazi huingiza maji kimya kimya, na kuna vyombo vingi vilivyowahi kuzama bandarini kwa sababu hiyo, watu wakiwa wamelala. Kinga yake ni kuupandisha mpira juu ya usawa wa maji, upinde kama shingo ya bata, na juu ya pindo hilo pawe na kivali kidogo cha kuingiza hewa. Kipimo cha usawa kichukuliwe chombo kikiwa kimelala upande kwa tanga, si kikiwa kimetulia.

Koki ya chini ya maji isiwe ya brasi ya dukani, ile ya bomba la nyumbani. Brasi ina zinki, na bahari huila zinki hiyo hadi koki inakatika mkononi. Inatakiwa ya bronzi. Hapa si pa kuhifadhi shilingi.

Juu sitahani pawe na mdomo wa milimita 38 wa kunyonyea, wenye mfuniko wa kufungwa kwa skrubu na maandishi yasiyofutika, mbali na midomo ya mafuta na maji ya kunywa. Kama kuna vali ya njia tatu inayoruhusu kumwaga moja kwa moja baharini, ifungwe kwa kufuli chombo kikiwa karibu na pwani, na ufunguo akae nao nahodha.

Waliotangulia walijifunza nini

Nchini Marekani, tangu mwaka 1980 kila boti yenye choo kilichofungwa inatakiwa kuwa na kifaa kilichoidhinishwa cha kutibu au kuhifadhi kinyesi, na kumwaga kinyesi kibichi ndani ya maili 3 ni marufuku. Matangi yalinunuliwa. Hata hivyo, vituo vya kunyonya vilikuwa vichache, na Bunge la nchi hiyo lililazimika kupitisha sheria nyingine mwaka 1992, ya kutoa ruzuku ya hadi asilimia 75 kwa ujenzi na uendeshaji wa vituo. Fedha hizo hutoka katika mfuko unaojazwa na kodi za vifaa vya uvuvi na mafuta ya boti, na kituo kinachopewa ruzuku kwa kawaida hakiruhusiwi kutoza zaidi ya dola 5. Ilichukua miaka 12 kutambua kwamba tangi lisilo na kituo ni nusu ya kazi.

Mifereji ya Uingereza, ambako maelfu ya watu huishi katika boti nyembamba mwaka mzima, inafundisha jambo jingine. Wapo wenye matangi makubwa wanaolipia kunyonywa. Wengi hutumia choo chenye kidumu cha lita 20 hivi kinachochomolewa, kikabebwa kwa mkono hadi kwenye sehemu maalumu ya kumwagia. Wengine wamehamia kwenye vyoo vikavu vinavyotenga mkojo na kinyesi. Lakini hata hao walikumbana na swali lilelile: mwaka 2021 Canal & River Trust, taasisi inayosimamia mifereji ya England na Wales, iliwatangazia kwamba haitapokea tena kinyesi chao kwenye mapipa yake ya taka.

Gharama halisi

Tuweke mfano wa tarakimu; kila mwenye chombo abadilishe kwa bei zake. Tuseme tangi, mipira, vali, pampu na ufundi vimegharimu dola 2,000, na katika miaka minane zitahitajika dola 400 zaidi kwa mipira mipya na vipuri vya pampu. Chombo kikilaza wageni siku 120 kwa mwaka, hizo ni siku 960. Gharama ni dola 2.50 kwa siku, au senti 31 kwa kila mgeni kati ya wanane. Hakuna mgeni atakayekataa kuilipa.

Sasa tuseme gari la majitaka linatoza dola 40 kila linapoitwa, na safari ni 40 kwa mwaka. Hizo ni dola 1,600 kwa mwaka, wakati tangi lenyewe linagharimu dola 300 kwa mwaka. Kumwaga kumekuwa zaidi ya mara tano ya bei ya kufunga. Na hiyo ni kama gari linaweza kukifikia chombo, jambo gumu pwani ambako bamvua huyashusha maji karibu mita 4 na kuacha boti mbali mchangani.

Gari lenye ujazo wa lita 5,000 linaweza kubeba matangi tisa ya lita 520. Wenye boti tisa wakijenga pamoja karo moja la kuhifadhia karibu na gati, kila mmoja akamwaga kwa wakati wake na gari likaitwa likijaa, dola 40 zile zinagawanyika kuwa chini ya dola 5 kwa boti. Hapa pia kuna nafasi ya mfanyabiashara mdogo: boti ya faiba iliyotumika, tangi la lita 1,000, pampu ya kunyonya, na ratiba ya kuzungukia vyombo vilipotia nanga. Asianze kabla hajapata kibali cha kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka ya mji.

Anayetaka kukwepa nusu tani yote hiyo ana njia ya choo kikavu kinachotenga. Kwa watu 12 na siku tatu, mkojo ni kama lita 47, sawa na madumu matatu ya lita 20, na kinyesi ni kilo 7 au 8 pamoja na vumbi la mbao au usumba wa kufunikia. Hakuna tundu chini ya maji, hakuna pampu, hakuna ukoko. Kazi inayobaki ni ya baharia anayebeba madumu na ndoo, na huyo anastahili glavu, sabuni na posho yake, kwani bila hivyo ndoo itaishia baharini.

Mkojo huo ni mbolea. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006, ukihifadhiwa miezi sita katika dumu lililozibwa, kwa joto la nyuzi 20 au zaidi, unafaa kwa mazao ya aina zote. Humiminwa kwenye mfereji kando ya shina na kufukiwa, si juu ya majani. Una chumvi, hivyo mnazi utauvumilia kuliko maharage. Kinyesi kikavu kinahitaji zaidi ya mwaka mzima katika joto la pwani. Asitokee mtu wa kuwauzia wenye boti ndoto, hata hivyo: lita 47 zina naitrojeni sawa na nusu kilo ya urea, na safari 40 za mwaka mzima ni kilo 20 hivi, chini ya nusu ya mfuko wa kilo 50. Faida iko katika gari lisiloitwa. Na kinyesi kilichochanganywa na maji ya bahari kisipelekwe shambani kabisa.

Kwa atakayechagua tangi, wakati wa kutoboa ubavu ni pale chombo kinapopandishwa pwani kwa kalafati, si kikiwa majini. Likishafungwa, lijazwe maji baridi yaliyotiwa rangi ya chakula, likae saa 24, kisha chombo kitoke chini ya tanga nusu siku, kilale kulia na kushoto. Rangi ikionekana kwenye ngama au juu ya mbao za sitaha, fundi arudi kazini kabla ya malipo ya mwisho.